Mrithi wa Diski: Tahakiki ya Chombo na Sanaa ya Filamu katika Kinondoni na Temeke

Wapenzi wa filamu huuliza mara kwa mara: diski ya filamu ikifa, ni kitu gani kitakachoshika mahali pake? Swali hili lina sababu. Kanda ya VHS ilitokea Japani mwaka 1976, ikaenea ulimwenguni, kisha ikapitwa na VCD iliyoanza mwaka 1993 na DVD iliyoanza mwaka 1996. Mwaka 2006 ilitoka Blu-ray, ambayo tabaka lake moja hubeba gigabaiti 25, hali DVD ya tabaka moja hubeba 4.7 tu. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani iliacha kuunda mashine za VHS. Mwaka 2023 kampuni ya Netflix ya Marekani, ambayo ilianza biashara yake mwaka 1998 kwa kupeleka DVD majumbani kwa njia ya posta, ilipeleka diski yake ya mwisho. Vyombo hivi vimefuatana kama wafalme wa ukoo mmoja, na ni desturi ya watu kumtazama mtoto wa mfalme angali mfalme mwenyewe hajazikwa.

Mafundi wametoa majibu yao. Mwaka 2016 ilitolewa Blu-ray kubwa zaidi yenye kufikia gigabaiti 100. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilionyesha filamu nzima ya Superman, ya mwaka 1978, iliyoandikwa ndani ya kipande cha kioo chenye ukubwa wa sentimita saba na nusu kwa saba na nusu. Mwaka 2024 wataalamu wa Shanghai walitangaza diski yenye umbo la DVD ambayo yaweza kubeba kiasi cha terabaiti 200, yaani zaidi ya DVD 40,000 za kawaida. Majibu haya ni ya kustaajabisha, lakini yote yamefuata njia moja: yamedhani kwamba diski ilikuwa chombo cha kubebea tu, na kwamba mrithi wake hana budi kuwa chombo kingine kibebacho zaidi.

Mtu aliyekaa Mwananyamala, Tandale, Tandika au Mbagala katika miaka ya 2000 hatatosheka na dhana hiyo. Katika mitaa hiyo diski ilikuwa na kazi zaidi ya moja. Ilikuwa chombo cha kubebea picha. Ilikuwa bidhaa ya kumlipa msanii. Ilikuwa kipimo cha urefu na umbo la hadithi. Tena ilikuwa ghala ya sauti na maneno. Watu wa pwani wanajua kwamba marehemu aliyeacha shamba, jahazi, nyumba na kisima hana mrithi mmoja wa kuchukua vyote. Mirathi hugawanywa mafungu, na kila fungu lina mwenyewe. Tahakiki hii yakusudia kuyahesabu mafungu ya diski moja moja, kuonyesha ni nani aliyelichukua kila fungu, na kuonyesha fungu moja ambalo mpaka leo halina wa kulipokea. Hilo ndilo linalowahusu zaidi wanachuoni wa Kiswahili.

Ushahidi wa kwanza wautoa msamiati. Lugha haitupi majina ya vyombo vilivyokufa. Huyavalisha vyombo vipya. Neno santuri, ambalo asili yake ni jina la ala ya nyuzi, lilihamia kwenye mashine ya kuchezea nyimbo, kisha likahamia kwenye sahani yenyewe iliyoandikwa sauti. Neno mkanda lilikuwa la utepe wa kweli, utepe wa sinema na baadaye wa VHS. Lakini kijana wa Temeke ambaye hakupata kushika utepe wa picha hata mara moja husema kwamba mkanda fulani ni mkali, naye ameuona katika simu. Deki ilikuwa mashine ya kanda, ikawa mashine ya diski. Stelingi, yaani shujaa wa hadithi, ni neno lililotoka majumba ya sinema, likapita kwenye kanda, likapita kwenye diski, nalo lingali hai katika usemi usemao kuwa stelingi hafi. Yafaa kuangalia vizuri ni maneno gani yaliyodumu na ni yapi yaliyokwisha. Majina ya vyombo yamehama. Majina ya sehemu za hadithi yamekaa. Kwa hiyo jamii ya wasemaji imekwisha kutoa hukumu yake: kinachodumu ni masimulizi, na chombo ni nguo tu ya kuvaliwa msimu mmoja.

Hata hivyo nguo nayo hufuata mwili na mwili hufuata nguo. Hapa ndipo penye fungu la diski lililo la umbo.

Filamu ilikuwa imefika Dar es Salaam zamani sana kabla ya diski. Majumba ya sinema yalikuwa katikati ya mji, na mwaka 1966 ulifunguliwa uwanja wa sinema ya magari huko Msasani. Watu wa pembeni ya mji walipaswa kusafiri ili kuona picha. Mashine za video ziligeuza safari hiyo: badala ya mtu kuifuata picha, picha ilimfuata mtu mtaani kwake. Vikatokea vibanda vya video, ambavyo baadaye vilipewa jina la kibanda umiza, jina ambalo lenyewe latangaza tabu ya mabenchi yake na joto lake. Mwaka 1994 televisheni ilianza Tanzania Bara kwa vituo vya watu binafsi. Watu wakazoea michezo ya kuigiza ya Kiswahili kila wiki, na waigizaji wakajulikana kwa sura. Ilipotoka filamu ya Girlfriend mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, soko lilikuwa tayari: watazamaji walikuwapo, waigizaji walikuwapo, na chombo rahisi cha kuchukulia kazi yao hadi dukani kilikuwapo.

VCD ilikuwa na upungufu mmoja uliozaa matokeo makubwa. Diski moja hubeba dakika 74 hivi au zaidi kidogo. Hadithi ya saa moja na nusu haienei humo. Yataka diski mbili. Filamu nyingi za Bongo zikawa za sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na hata DVD ilipokwisha kushika soko, nayo yaweza kubeba zaidi ya saa mbili bila tabu, desturi ya sehemu mbili haikuondoka, kwa sababu muuzaji alikuwa amekwisha kujua kwamba hadithi moja yaweza kuuzwa mara mbili. Upungufu wa chombo uligeuka kuwa kanuni ya biashara, na kanuni ya biashara ikageuka kuwa kanuni ya sanaa.

Matokeo ya kanuni hiyo yapasa kusemwa bila chuki na bila upendeleo. Mtunzi aliyehitaji kujaza diski mbili kwa hadithi ya diski moja alitafuta dakika mahali popote. Gari hufunguliwa geti, huingia polepole, huegeshwa, mwenyewe hushuka, huufunga mlango, hutembea mpaka barazani, hupiga hodi. Na katika muda huo wote hadithi imesimama. Mazungumzo yanayoweza kumalizika kwa sentensi tatu huzunguka kwa thelathini. Huu ni udhaifu, na wakosoaji wengi wameutaja. Lakini kanuni hiyo hiyo ilizaa uhodari wake. Mwisho wa sehemu ya kwanza ulitakiwa umshike mtazamaji mkono umrudishe dukani. Kwa hiyo watunzi walijifunza kufunga fundo katikati ya hadithi: siri ikakaribia kufichuka, mlango ukagongwa, picha ikakatwa. Msimulizi wa ngano aliyewaambia watoto kuwa hadithi itaendelea kesho alikuwa bingwa wa fundo hilo zamani sana. Diski ilimpa mtunzi wa filamu sababu ya kurudia ustadi wa bibi yake.

Kwa upande wa lugha, diski ilileta jambo lingine. Filamu nyingi zilipewa majina ya Kiingereza, kama Oprah na Uncle JJ za marehemu Steven Kanumba, hali mazungumzo ndani yake ni ya Kiswahili, na chini ya picha yakapita maandishi ya Kiingereza. Maandishi hayo mara nyingi yalikuwa na makosa yaliyochekwa na waliosoma. Yamkini kicheko hicho hakikuwa cha haki. Maandishi yalikuwapo kwa kuwa diski ni kitu kinachosafiri: huingia katika begi la msafiri, hufika Kampala, Bujumbura, Maskati au London. Mtunzi wa Sinza aliyeandika Kiingereza kibovu chini ya Kiswahili kizuri alikuwa anapeleka Kiswahili nje ya mipaka kwa nauli aliyoweza kuipata. Kosa lake lilikuwa la mwendo. Nia yake ilikuwa sahihi.

Sasa yapasa kuja kwenye sanaa ambayo thamani yake haijakiriwa vya kutosha katika majarida ya wanachuoni, nayo ni sanaa ya mtafsiri wa sauti. Huyu ni mtu anayechukua filamu ya kigeni, ya Marekani, ya Hindi, ya Hong Kong au ya Nigeria, akaipunguza sauti yake ya asili, akaweka yake juu, akasimulia kwa Kiswahili yote yanayotokea. Dar es Salaam ilimjua zaidi kwa jina la Lufufu. Kenya yamjua kwa jina la DJ Afro. Uganda, ambako kazi hufanywa zaidi kwa Kiganda, wako wengi, mashuhuri miongoni mwao VJ Jingo. Mtaalamu Mjerumani Matthias Krings aliichunguza kazi ya watafsiri wa Dar es Salaam katika kitabu chake cha mwaka 2015. Ni jambo la kutia haya kidogo kwamba sanaa ya Kiswahili iliyosikilizwa na maelfu ya watu hatua chache kutoka vyuoni ilipata kitabu cha mgeni kabla ya kupata cha mwenyeji.

Sanaa hii si mpya kama inavyodhaniwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwako jaribio la sinema za mafunzo lililokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Filamu zake zilikuwa za utepe mwembamba usio na sauti. Maelezo ya lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo, yaliandikwa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Yaani katika mwanzo wa filamu ya Kiswahili, picha ilikuwa upande mmoja na diski ya sauti upande wa pili, na katikati yao alisimama mtu mwenye kueleza. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Maelezo ya Vugiri yaliamriwa na watawala, yakawaambia watu namna ya kulima kahawa na kuepuka maradhi. Maelezo ya mtafsiri wa Temeke hayakuamriwa na mtu. Yeye huchukua mali ya wenye nguvu, huifanyia ufafanuzi wake mwenyewe, na mara nyingi huifanyia mzaha.

Kwa mizani ya lugha, mtafsiri wa sauti hukabiliana na matatizo ambayo mwalimu wa tafsiri hufundisha mwaka mzima. Lichukuliwe tatizo la maamkizi. Katika filamu ya Kiingereza kijana huingia nyumbani, humwambia baba yake neno moja jepesi lisilo na cheo, kisha hufungua jokofu. Mfasiri wa maandishi hana nafasi ya kufanya lolote; ataandika neno fupi, na mtazamaji wa Mbagala atamwona kijana huyo kuwa mtovu wa adabu, hali katika hadithi yenyewe ni mtoto mwema. Mtafsiri wa sauti ana njia mbili. Aweza kumtilia kijana shikamoo kinywani, na hapo atakuwa ameokoa tabia ya mhusika kwa kupoteza desturi ya ugenini. Au aweza kuiacha salamu nyepesi, kisha akaongeza kwa sauti yake mwenyewe kwamba huko kwao ndivyo wanavyosalimiana, wasilaumiwe. Njia hii ya pili ndiyo iliyo kamili zaidi, maana huhifadhi vyote viwili.

Tatizo la pili ni la nafsi. Msimulizi ni mmoja na wahusika ni kumi. Mfano wa kutunga utatosha. Msimulizi aweza kusema, “Jamaa akamwambia, toka hapa”. Hapo amesimama nje ya hadithi na kutumia kiambishi cha masimulizi. Mara aweza kupaza sauti, “Toka hapa!”; hapo ameingia ndani ya mhusika. Kisha aweza kunong'ona, “Hajui kuwa mwenzake ana bastola”. Hapo amekaa benchini pamoja na watazamaji. Daraja tatu za usemi hupandwa na kushukwa katika muda wa pumzi mbili, wala msikilizaji hapotei. Mwandishi wa riwaya ahitaji alama za uandishi na aya mpya kufanya hivyo. Huyu afanya kwa koo tu.

Pamoja na sifa hizo, sanaa hii ina ila zake. Mtafsiri asiyeielewa lugha ya asili hubuni, na ubunifu wake mara nyingine huvunja hadithi hata kisa cha pili kikakosa maana. Wanawake husemewa kwa sauti ya kuigiza yenye dharau, na mhusika wa kike mwenye busara hugeuka kichekesho. Mzaha hutiwa mahali pa msiba. Tena, kwa mujibu wa sheria, kazi nyingi za namna hii zilifanywa bila ruhusa ya wenye filamu. Lakini ila ya kazi si sababu ya kutoihukumu kazi. Ni sababu ya kuihukumu vizuri. Sanaa isiyo na mhakiki haijui wapi ilipokosea wala wapi ilipopatia.

Ikiwa hayo ndiyo mafungu ya diski, sasa yafaa kuuliza ni nani waliorithi.

Fungu la kubebea picha limechukuliwa na flashi na kadi ya simu. Katika mitaa ya Kinondoni na Temeke mtu huenda kwenye kibanda chenye kompyuta, hutoa flashi yake, hutaja anachokitaka, naye muuzaji humjazia. Malipo ni ya kujaziwa. Chombo ni cha mnunuzi mwenyewe, hufutwa na kujazwa tena wiki ijayo. Hapa pana badiliko la maana. Diski iliyonunuliwa ilikaa kabatini, ikaazimwa jirani, ikakwaruzwa, ikabaki. Flashi haibaki na kitu. Kila kinachoingia chamtoa kilichotangulia, kama daladala ya Mbagala inavyoshusha ili ipakie.

Fungu la malipo ya msanii limegawanyika. Zama za diski msambazaji wa Kariakoo alimlipa mtunzi mara moja, akachukua kazi yake, na faida ya baadaye ikawa yake msambazaji pamoja na maharamia. Mwaka 2013 Serikali ilianza kutaka stempu za kodi zibandikwe kwenye diski za filamu na muziki, ili halali itambulikane na haramu. Stempu ilikuwa dawa ya haki, lakini ilibandikwa kwenye mwili wa mgonjwa ambaye alikuwa akihama chumba. Maana faili ndani ya flashi halina mahali pa kubandika stempu. Mwisho wa mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa imezimiwa mitambo ya analojia, na king'amuzi kikawa sharti la kutazama televisheni. Mwaka uliofuata ilianza Azam TV, na baadaye kampuni za ving'amuzi zikawa na chaneli zilizojaa filamu na tamthilia za Kiswahili. Malipo ya mtunzi sasa hutoka kwa mwenye chaneli, na kwa kiasi fulani hutoka kwa matangazo ya intaneti, ambayo iliongezeka kasi baada ya waya wa chini ya bahari wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009.

Fungu la umbo limechukuliwa na hao hao wenye chaneli. Chaneli haitaki hadithi ya sehemu mbili. Yataka hadithi isiyokwisha. Ndiyo sababu tamthilia kama Huba na Jua Kali zimechukua mahali pa filamu za diski. Fundo lililokuwa moja katikati ya hadithi sasa hufungwa mwishoni mwa kila kipindi. Geti linalofunguliwa polepole bado lipo. Limebadilisha mwajiri tu. Kwa upande wa heri, tamthilia ndefu humpa mwandishi nafasi ya kumkuza mhusika mwaka mzima, na humpa mwanaisimu hazina ya mazungumzo ya mjini yenye lafudhi nyingi. Kwa upande wa shari, chaneli yenye kulipa ndiyo yenye kuchagua, na mtunzi mdogo wa Tandika, ambaye zamani aliweza kurudufu diski zake mia moja akaziuza kwa miguu, sasa hana mlango wa kugonga ila wa intaneti, ambako mtazamaji naye ahesabu bando lake kabla ya kubonyeza.

Limebaki fungu la nne, la ghala. Hili halijachukuliwa na mtu.

Pengine itajibiwa kwamba intaneti yenyewe ndiyo ghala, na kwamba humo hakuna kinachopotea. Jibu hili lina ukweli kwa kazi ambayo mwenyewe ajulikana na aijali. Kwa kazi ya mtafsiri wa sauti halina ukweli hata kidogo. Picha si yake. Mwenye picha akilalamika, faili huondolewa, na sauti ya Kiswahili huzama pamoja na picha iliyoibebea. Yaani sheria ile ile inayomlinda mtunzi, nayo ni sheria njema, humtupa msimulizi baharini. Diski ilikuwa na udhaifu wake, kwa kuwa diski iliyorudufiwa kwa kompyuta hupoteza rangi yake ya ndani kwa joto na jua, na baada ya miaka kadhaa haisomeki. Lakini ilikuwa na kinga moja: ilitawanyika. Hakuna mtu mmoja aliyeweza kwa kubonya kitufe kuziondoa diski zote za Temeke makabatini.

Historia ya fasihi ya Kiswahili inashuhudia thamani ya kutawanyika. Mwaka 1728 Bwana Mwengo wa Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka huko Pate. Kazi hiyo yajulikana leo kwa kuwa watu waliinakili mkono kwa mkono. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840, yalikaa vifuani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyakusanya mwishoni mwa karne, na Hichens akayatoa katika kitabu mwaka 1940. Sauti ya Siti binti Saad ilitiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Yasikika leo kwa kuwa sahani zilisambaa, na baadhi zikaanguka katika mikono iliyozitunza. Katika mifano yote mitatu hatua ni zile zile: kazi ilitawanyika kwanza, kisha akatokea mtu aliyeikusanya kabla haijachelewa. Kazi ya Lufufu na wenzake ilikwisha kutawanyika. Mkusanyaji ndiye hajatokea.

Yafaa kutambua pia kwamba mtafsiri wa sauti mwenyewe alijua hatari hiyo. Yeye hutaja jina lake mwanzoni mwa kazi, na wengine hulirudia katikati. Wasikilizaji huona kuwa ni majivuno. Msomaji wa tenzi ataona zaidi. Mtunzi wa zamani alitia jina lake, na mara nyingine mji wake na tarehe yake, katika beti za mwisho, kwa kuwa alijua mnakili aweza kulipoteza jalada lakini hatalipoteza shairi. Mtu wa kibanda cha video alifikia kanuni hiyo hiyo bila kusoma hati hata moja: jina lisilokaa ndani ya kazi halitadumu nje yake.

Basi nini kifanyike? Tangu miaka ya 1960 sheria za nchi zimetambua kwamba nakala za vitabu vinavyochapwa zapaswa kuwekwa maktabani. Filamu nazo zimekuwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, lakini kukagua si kuhifadhi. Mkaguzi huuliza kama kazi yafaa kutoka. Mhifadhi huuliza kama itapatikana baada ya miaka mia. Kazi ya pili ni ya vyuo na maktaba, na haihitaji kioo cha Microsoft wala diski ya Shanghai. Yahitaji watafiti wachache wenye subira, wapite Tandika, Mtoni, Manzese na Mwananyamala, waombe diski zilizosahaulika makabatini na vibandani, wazihamishie sauti, waandike jina la msimulizi, mtaa, mwaka na jina la filamu, kisha wanukuu maneno kwa kalamu. Haki za wenye filamu zaweza kulindwa kwa kuifanya hazina hiyo kuwa ya utafiti tu, isiyouzwa wala kuonyeshwa hadharani. Haki za msimulizi nazo zilindwe, kwa kumtafuta angali hai, kumwuliza, na kumwandika kwa jina analolitaka.

Faida ya kazi hiyo si ya kumbukumbu peke yake. Wanaisimu wamekuwa wakilalamika kwamba Kiswahili cha mazungumzo cha Dar es Salaam cha miaka ya 1990 na 2000 kina ushahidi mchache, kwa kuwa magazeti huandika lugha ya magazeti na redio husema lugha ya redio. Ushahidi ulikuwapo, tena wa saa nyingi mno, nao uliuzwa barabarani kwa bei ya chai na maandazi. Humo mna istilahi za vita, za mahakama, za ndege na za mapenzi zilizobuniwa papo kwa papo na mtu aliyekuwa hana nafasi ya kuita kamati. Istilahi nyingine zilikufa siku ile ile. Nyingine ziliingia katika vinywa vya watu. Hakuna kamusi itakayoweza kueleza ni zipi na kwa nini, ikiwa zile diski hazipo.

Kwa hiyo swali la nini kitarithi mahali pa diski limekwisha kujibiwa kwa robo tatu bila kuwangoja mafundi. Flashi imechukua mzigo, king'amuzi kimechukua soko na umbo, na intaneti inawafuata wote wawili kwa kiasi cha uwezo wa bando. Robo iliyobaki haiwezi kuchukuliwa na chombo chochote, hata kiwe na nafasi ya filamu zote za dunia, kwa kuwa hifadhi si sifa ya chombo bali ni tendo la watu. Kioo hakijui kilichoandikwa ndani yake, wala diski haikujua. Diski za Temeke zinaendelea kufifia katika joto la mabati, moja leo na nyingine kesho, na katika kila moja mna sauti ya mtu aliyewaambia jirani zake habari za ulimwengu kwa lugha yao wenyewe. Sauti hiyo ikikosa wa kuipokea, lawama haitakuwa ya chombo.